Pumzi Niliyoiacha Mbagala

Weka sikio lako hapa, upande wa kushoto, chini kidogo ya titi. Usione haya, weka. Unasikia nini? Husikii kitu. Haya, sasa weka upande wa kulia. Umeona? Huko upepo unaingia na kutoka kama kifua cha mtu yeyote. Daktari wa kwanza kunipima alikivua chombo chake masikioni, akakitikisa, akadhani kimeharibika. Kwa hiyo mtu akiniambia kisa hiki nimekizua, simbishii wala simwapii. Namwambia asogee asikilize.

Zama zenyewe ni za Mwingereza, miaka michache kabla ya watu kuanza kusema uhuru kwa sauti kubwa. Temeke ilikuwa nyumba za udongo na makuti, na kati ya nyumba na nyumba kuna shamba la mihogo. Mie nilikuwa fundi baiskeli. Nilifanyia kazi kwenye baraza ya nyumba yetu, na si kwa kujisifu, watu walinijia kutoka Keko na Chang'ombe wakawapita mafundi wengine watatu njiani. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimeoa, mke wangu Mwanaidi, na kifua kipana ambacho kilikuwa hakijui kikohozi.

Jirani yangu alikuwa Damiani, seremala, Mmakua wa Masasi, kijana aliyesoma shule ya misheni. Mie Mwislamu wa pwani, yeye Mkristo wa bara ya kusini, lakini tuliishi kama watoto wa tumbo moja. Idi alikula kwangu, Krismasi nilikula kwake. Yeye hakuniita jina langu, aliniita Fundi, na mie nilimwita Dami. Ilikuwa imepita miaka saba hajamwona mama yake. Mwaka ule ikaja barua kwamba mama anadhoofika, anataka kumwona mwanawe kabla macho hayajafumba. Mwajiri wake akampa ruhusa ya mwezi mmoja.

"Fundi," akaniambia, "nakwenda Masasi kwa baiskeli."

Nikacheka. Masasi! Unajua ni mbali kiasi gani? Uvuke Rufiji, upite Kilwa, ufike Lindi, halafu ndiyo uanze kupanda kwenda bara. Lakini nilipomaliza kucheka nikaona nami natamani. Kijana wa miaka ishirini na sita, anatengeneza baiskeli za watu waendao mbali, na yeye mwenyewe hajavuka Mkuranga. Nikamwambia, "Hutafika peke yako. Mnyororo ukikatika utalia njiani. Tunakwenda wote."

Tulijitayarisha wiki mbili. Nilizifumua baiskeli zote mbili hadi gololi, nikazipaka mafuta, nikafungasha viraka, solusheni, vali, spoku za akiba na pampu yangu nzuri ya chuma. Mwanaidi alitufungia mikate ya mchele na tende. Tulikuwa tuondoke alfajiri, lakini Damiani alikuwa na kitanda cha watu cha kupeleka Chang'ombe, akasema hawezi kuondoka mji akiwa na kazi ya mtu mkononi. Basi tukaondoka jua limeshapanda. Kitanda kile! Wakati mwingine najiuliza, kama tungeondoka alfajiri, saa ile tungekuwa wapi?

Njia ya Kilwa wakati ule ilikuwa mchanga. Ukifika Mtoni unateremka, ukianza kupanda kwenda Mbagala unashuka na kuisukuma baiskeli. Tulikuwa na furaha. Damiani alikuwa akiimba nyimbo za kwao na kunitafsiria, na kila wimbo, ukiutafsiri, ulihusu chakula. Tuliipita Mbagala yenyewe, ambayo ilikuwa nyumba chache na mikorosho, tukakata kuelekea Kongowe. Hapo jua lilikuwa la utosi.

Wazee wetu wa Kizaramo walikuwa wakitukataza kuwa njiani saa ile. Watu wengine wanaogopa usiku. Sie tulifunzwa kuogopa pia adhuhuri, kivuli kinapoingia chini ya nyayo na njia inakuwa tupu, hata ndege hasemi. Kwa hiyo tafadhali usije ukaniuliza kama yule mtu alikuwa na kivuli. Saa ile hata mie sikuwa nacho.

Alikuwa amekaa kando ya njia chini ya mkorosho, baiskeli yake ameilaza mbele yake. Baiskeli nyeusi, ya zamani, haina kengele. Amevaa kaptula ya kaki na fulana nyeupe. Alikuwa kijana wa makamo yangu, lakini uso wake, niamini, sikuweza kuushika. Nilipomtazama nilimwona, nikigeuka tu kutazama baiskeli, siwezi kukumbuka alikuwaje. Nilichokikumbuka ni kifua. Kilikuwa kimebonyea, na kila akivuta pumzi kilipiga mluzi kama birika.

"Fundi," akasema. "Nisaidie. Upepo... umeniishia."

Aliijuaje kazi yangu? Wakati ule nilijijibu kwamba ameona grisi kwenye kucha zangu.

Nikashuka. Damiani alikuwa mbele kidogo, akasimama akanigeukia. "Mpe pampu ajaze, twende," akasema. "Jua linatuchoma."

Nikamwelekezea yule mtu pampu. Akatikisa kichwa, akaweka mkono kifuani. "Siwezi... mwenyewe. Kifua. Nijazie wewe."

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mtu mgonjwa, njia haina watu, na wewe ni fundi. Nikachuchumaa. Tairi la mbele lilikuwa tepetepe. Kwanza nikalikagua kwa vidole, pande zote, kutafuta mwiba au kipande cha chupa. Hakuna. Nikatia mate kwenye vali nione kama inatoa povu. Haikutoa. Basi nikafunga pampu, nikaanza.

Sasa sikiliza vizuri. Tairi la baiskeli, kwa mkono wangu na pampu ile, lilikuwa likijaa kwa mapigo thelathini, au arubaini. Nikapiga arubaini. Nikalibonyeza, bado tepetepe. Nikakagua tena vali, nzima. Nikapiga hamsini nyingine. Tairi lile lilikuwa linapokea upepo, nausikia ukiingia, lakini halikujaa. Ilikuwa kama unamimina maji kwenye mchanga. Na hapo kiburi cha ufundi kikanipanda. Mie nishindwe na tairi? Nikavua shati, nikaikanyaga njia kwa miguu miwili, nikaanza kupiga kwa nguvu zangu zote.

"Bado kidogo," akasema yule mtu. "Bado kidogo tu, fundi."

Nilikuwa nimeinama, simtazami. Aliyeona ni Damiani. Aliniambia baadaye, siku ile ile, kabla hatujaachana, kwamba kila nikisukuma pampu chini kifua cha yule mtu kilikuwa kinapanda. Pigo moja, kinapanda. Pigo jingine, kinapanda tena, na hakishuki. Mluzi wake ukawa unapungua, ukanyamaza.

"Fundi!" Damiani akaniita, sauti yake imebadilika. "Fundi, acha. Twende zetu."

"Bado kidogo tu," nikamjibu. Yaani nilimjibu kwa maneno yale yale ya yule mtu.

Pigo la mwisho nalikumbuka mpaka leo. Kitu kilikatika ndani ya kifua changu upande wa kushoto. Hakikuuma. Kilikuwa kama uzi unaokatika kwenye nguo, tap, basi. Na papo hapo tairi likawa gumu chini ya kidole changu, gumu kama jiwe. Nikataka kusema, "Haya, tayari," sauti haikutoka. Nikakaa chini mchangani.

Yule mtu akainuka. Alikuwa mrefu kuliko nilivyodhani. Kifua kimejaa, mabega yamesimama, akajinyoosha kama mtu aliyeamka usingizi mzuri.

"Ahsante," akasema, neno zima, bila kukatika. "Umenipa."

Damiani alikuwa amenifikia, ameniinamia, anaukanda mgongo wangu. Akamwuliza bila kumtazama, "Bwana, wewe ni nani?"

Yule mtu akajibu kwa adabu. Akataja jina lake na la baba yake. Lilikuwa jina langu. Langu mie, na la marehemu baba yangu, moja baada ya jingine. Jina hilo sikutajii hapa, na hili ndilo pekee ninalokuficha katika kisa hiki. Sitaki uwe unalijua siku utakapokutana naye.

Damiani akainua kichwa. Nadhani alitaka kucheka, kusema "wajina" kama tusemavyo, lakini hakucheka.

"Mnakwenda Masasi," yule mtu akasema. Hatukuwa tumemwambia. "Na mie njia yangu ndiyo hiyo. Mpeleke mwenzio nyumbani. Nitangoja mbele."

Akapanda baiskeli yake akaenda upande wa Kongowe. Anaendesha juu ya mchanga ule ambao sie tulishuka tukasukuma baiskeli, na anapiga mluzi, mluzi wa mdomo sasa, wimbo mmoja wa Damiani, ule wa chakula.

Kutoka pale hadi Temeke sijui tulifikaje. Baiskeli yangu Damiani aliiacha Mbagala, kwa mzee mmoja aliyekuwa akipukuchua korosho uani kwake. Nikamsikia akisema, "Shikamoo mzee, tunakuwekea amana, tutakuja kuichukua," na mzee akajibu, "Marahaba, wekeni, haina miguu." Mie akaniweka kwenye keria ya baiskeli yake, akanifunga kiunoni mwake kwa msuli, pagumu akaendesha, penye mchanga akashuka akanisukuma. Nilikuwa navuta pumzi kama mtu anayekunywa maji kwa kijiko. Jua linazama ndipo Mwanaidi alipotuona kwenye kona ya nyumba, akaiangusha ndoo aliyoibeba.

Kesho yake wakanipeleka hospitali. Daktari akanipima, akatikisa chombo chake kama nilivyokwambia, akanipima tena. Akaniambia kwa kupitia msaidizi wake kwamba pafu langu la kushoto limesinyaa.

"Ulipigwa? Ulianguka?"

"Hapana. Nilikuwa najaza tairi upepo."

Msaidizi alipomfasiria, wote wawili wakacheka. Siwalaumu. Nikalazwa.

Damiani alikuja jioni, akakaa ukingoni mwa kitanda, kofia yake magotini. Siku zake za ruhusa zilikuwa zinakwenda, na mama yake yuko Masasi anahesabu pumzi. Nilimwona anataka kwenda na anaona aibu kusema. Basi nikasema mie. Na neno hilo nililosema, ndugu yangu, ndilo linaloniamsha usiku.

"Nenda, Dami. Usiningoje. Nikipata nafuu nitakufuata, nitakukuta kwenye kivuko cha Rufiji."

Nilikuwa nampa moyo tu. Hata kukaa kitako nilikuwa siwezi, nitafika Rufiji kwa nguvu gani? Lakini alifurahi. Akanishika mkono akasema, "Nitakungoja kivukoni siku mbili." Akaenda.

Wiki ya pili, bado nimelala, Mwanaidi alikwenda Mbagala na mdogo wake kuichukua baiskeli. Alirudi hana kitu. Akasimama mlangoni pa wodi ananiangalia.

"Ulitoka hospitali?" akaniuliza.

"Nitoke kwenda wapi?"

"Yule mzee anasema mwenyewe alikwenda kuichukua. Siku ya pili tu. Anasema, 'Mumeo alikuja, amepona kabisa mashallah, akanishukuru, akanisaidia na kazi kidogo.' Nikamwambia mume wangu kalazwa. Akanikasirikia, akasema yeye si mtoto, anaujua uso aliouona."

Tukadhani mzee ana macho mabovu na mwizi amepata bahati. Tulitaka iwe hivyo. Mtu hupenda mwizi kuliko jambo asilolijua.

Barua ya Damiani ilifika baada ya mwezi na nusu. Wakati huo nilikuwa nimesharudi nyumbani, nakaa barazani nimeegemea mto. Naifahamu barua ile kwa moyo. Haikuanza na salamu nyingi kama kawaida yake.

Alisema kwamba alifika kivukoni Rufiji, akangoja siku moja. Siku ya pili adhuhuri akaniona natokea kwa baiskeli yangu mwenyewe, ile niliyoizoea, kifua wazi, nacheka. Akanikumbatia. Akalia kwa furaha. Akasema tulisafiri pamoja mpaka Masasi na kwamba hajapata kuona mtu mwenye nguvu namna ile. Milima ya huko yeye alishuka akaisukuma baiskeli, mie sikushuka hata mara moja. Nilikuwa sili ila kidogo sana. Alidhani ni ugonjwa unaondoka.

Tukafika kwao. Mama yake alikuwa hai, amekonda, lakini alipomwona mwanawe akainuka kitandani na akaomba uji. Na alinipenda mie. Aliniita mwanangu wa pwani. Kwa siku tatu nilikaa naye, namsikiliza hadithi zake, namshikia kikombe. Damiani aliandika kwamba alikuwa akitutazama na kumshukuru Mungu.

Siku ya nne, jua la utosi, mama amekaa nje ya jiko. Damiani alikuwa anachonga mpini hatua chache kutoka pale. Aliniona nikimwendea mama nimejishika jicho.

"Mama, vumbi limeniingia. Nipulizie."

Mama akacheka, akanivuta kichwa mapajani kwake, akanifunua jicho kwa vidole viwili, akapuliza.

"Bado kidogo," nikasema. "Bado kidogo tu, mama."

Akapuliza tena. Akapuliza mara ya tatu. Halafu akaegemea ukuta wa jiko na mdomo wake umebaki mviringo, kama bado anapuliza. Damiani alipomfikia alikuwa ameshakwenda. Na mie nilikuwa nimepanda baiskeli, niko njiani, sikugeuka hata kutoa pole.

Barua iliisha hivi: *Fundi, maneno yale "bado kidogo" niliwahi kuyasikia, na nilikuwepo uliposhindwa kuinuka pale Mbagala. Nilikusukuma mpaka kwenu kwa mikono yangu. Mama yangu alikukosea nini?*

Niliisoma mara ngapi? Niliisoma mpaka herufi zikawa hazina maana. Nikamwandikia majibu siku ile ile, nikatia na karatasi ya hospitali inayoonyesha siku nilizolazwa. Hakujibu.

Alirudi Temeke mwisho wa masika, na kaka zake wawili. Nilikuwa kitandani, Mwanaidi ananikanda mgongo kwa mafuta ya nazi. Kaka zake walibaki mlangoni wameshika fimbo. Damiani akaingia, akasimama karibu na mguu wa kitanda. Kitanda chenyewe alikitengeneza yeye.

Nilikuwa nimebaki mifupa. Upande huu wa kifua umeingia ndani, kama unavyouona. Akanitazama muda mrefu sana.

Mwanaidi akashindwa kuvumilia. "Unamtazamia nini? Hajatoka nyumba hii wala hospitali tangu umlete mwenyewe umemfunga kiunoni! Mtu huyu ataendesha baiskeli mpaka Masasi? Kwenda msalani namshika!"

"Najua, shemeji," Damiani akasema. "Kichwa changu kinajua. Macho yangu ndiyo hayataki."

Nikanyoosha mkono. Nilitaka aushike tu. Aliuangalia ule mkono, nikaona anajitahidi, mkono wake ukanyanyuka kutoka ubavuni kidogo. Halafu ukashuka. Akageuka akawaambia kaka zake jambo kwa Kimakua, wakaondoka. Wiki ile ile akakusanya zana zake akahamia Magomeni. Alifanya kazi huko miaka mingi, akaoa, akazaa. Mji ni mmoja lakini hatukukaa tena baraza moja. Alipofariki nilikwenda. Nilisimama nje ya ua pamoja na watu wasiojulikana, nikasikia waimbaji wa kanisa lake, na mwanawe mkubwa akaja akaniomba kwa heshima zote niondoke, kwa sababu ya bibi yao.

Unaniuliza kama nilitafuta dawa? Nilitafuta. Mganga mmoja wa Tandika, mtu asiyependa maneno mengi, aliniuliza swali moja tu. "Ulikula kitu chake?"

"Hapana. Mie ndiye niliyempa."

Akaanza kufunga mkoba wake. "Aliyelishwa tunamtapisha," akasema. "Aliyetoa kwa mkono wake mwenyewe, huku anaombwa kwa adabu, tukamdai nani?" Hakutaka hata kupokea kuku niliyempelekea.

Ufundi ukaisha siku zile. Fundi baiskeli asiyeweza kupiga pampu ni fundi gani? Nikajifunza kushona kofia, kazi ya kukaa, haitaki pumzi. Nimeshona kofia mpaka vidole vimepinda. Watoto nimepata mabinti wawili, wote wameolewa, na Mwanaidi nimemzika. Ngazi sipandi. Adhana siwezi kuadhini. Nikicheka sana nazimia.

Na kusini sijafika mpaka leo. Nitafikaje? Kuna mji huko ambao sijaukanyaga na watu wake wanaufahamu uso wangu kama uso wa muuaji.

Ungedhani mambo yaliishia hapo, na mie nilitaka yaishie. Lakini mwaka juzi, kijana jirani yetu anayeendesha lori la korosho alirudi kutoka Lindi akaja kunisalimia.

"Shikamoo mzee. Hukutuambia una mtoto wa kiume huko kusini."

"Marahaba. Sina mtoto wa kiume."

"Basi mjukuu. Nimemwona karibu na Nangurukuru, kando ya njia, na baiskeli ya kizamani. Wallahi, ni wewe mtupu, ile picha yako ya ujana iliyoko ukutani. Kama miaka ishirini na sita hivi, kifua hiki!" Akanionyesha kwa mikono.

Nikamwuliza alikuwa anafanya nini.

"Hafanyi kitu, mzee. Amekaa chini ya mti. Kuna mama mmoja alikuwa amemwinamia, anamjazia tairi upepo."

"Mkasimama?"

"Tusimame kwa nini? Anajaziwa tairi tu."

Ilikuwa saa ngapi sikumwuliza. Nilikuwa naijua.

Sasa wewe unayenisikiliza, huenda una safari zako, na siku hizi njia zote ni lami na watu wanakwenda kasi. Sikwambii usimsaidie mtu njiani. Uislamu wangu haunifundishi hivyo. Mpe maji. Mpe chakula, mpe hata baiskeli yako. Lakini ukimkuta jua liko utosini, kifua chake kinapiga mluzi, akakuita kwa kazi yako kabla hujamwambia, basi mtupie pampu ajaze mwenyewe, na uondoke. Akisema hawezi, mwache asiweze. Akikwambia vumbi limemwingia jichoni, mwonyeshe kisima. Na ukijisikia unasema "bado kidogo tu" bila kujua umelitoa wapi neno hilo, hapo hapo simamisha mkono wako, hata kama ni pigo moja limebaki.

Mie nilidhani ni tairi. Mama yake Damiani alidhani ni vumbi.